Mguu umekufa ganzi: lini usubiri, lini uondoke na bajaji ya kwanza

"Mguu umekufa ganzi, tena umekaza." Watu watatu wanaweza kusema maneno hayo hayo mbele ya mganga wa zahanati, na kila mmoja akawa na ugonjwa wake. Wa kwanza ngozi yake haihisi. Ukimgusa haoni kitu. Wa pili anahisi kupita kiasi: sindano, sisimizi, moto chini ya unyayo. Wa tatu anahisi vizuri kabisa, ila mguu haumtii. Anataka kuuinua, nao unabaki chini. Neno "ganzi" limewabeba wote watatu, na "kukaza" nako hakuna nafuu. Msuli wa shavu la mguu uliobana saa tisa ya usiku ukalegea baada ya kunyooshwa unaitwa umekaza. Mguu uliokuwa mgumu kama mti tangu juzi nao unaitwa umekaza.

Kwa hiyo kabla ya kujibu swali la kwenda au kusubiri, jiulize kitu kimoja: nguvu ipo? Ganzi inatisha zaidi, lakini mara nyingi inaweza kusubiri. Nguvu iliyopungua ghafla haisubiri.

Wanaosema "subiri" wana hoja, na si ya uvivu. Pitisha kidole upande wa nje wa goti, chini kidogo, utakuta nundu ngumu ya mfupa. Nyuma ya nundu hiyo inapita neva (mshipa wa fahamu) inayoinua unyayo, nayo imefunikwa na ngozi na mafuta kidogo tu. Anayekaa amekunja nne kwenye basi la usiku anaibana. Fundi vigae anayechuchumaa siku nzima anaibana, na mpaliliaji pia. Aliyekonda haraka kwa ugonjwa au kwa kujinyima huibana kirahisi zaidi, kwa sababu kale kamto ka mafuta kameyeyuka. Ukinyoosha mguu, damu inarudi, sindano zinachoma dakika chache, kisha basi. Mtu huyu akipanga foleni asubuhi nzima ataambiwa alichokwisha kukijua.

Hoja yao ya pili ni ya vipimo, na wengi hawaifikirii. Ukipiga picha za mgongo kwa mashine ya MRI, inayoonyesha ndani ya mwili, kwa watu wasio na maumivu yoyote, takriban 30 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 watakuwa na diski (kile kinyama laini kati ya pingili za mgongo) iliyotuna. Kwa wenye miaka 80 ni zaidi ya 80 kati ya 100. Kwa hiyo anayekimbilia picha kwa ganzi ya nusu siku ana nafasi kubwa ya kurudi na karatasi yenye "ugonjwa" ambao hauhusiani na mguu wake, na mkanda wa kiuno asiouhitaji.

Subira hiyo ina kikomo. Ganzi ya mkao huanza kupungua ndani ya dakika chache. Nusu saa ikipita haijapungua, fanya upimaji wa nyumbani, hauchukui dakika tano. Vua viatu. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama bila kujishikilia, mara tatu. Chukua pindo la kanga, pitisha juu ya unyayo, shavu la mguu na paja la mguu mmoja, halafu wa pili, ukilinganisha. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja: mmoja ni wa baridi kuliko mwenzake? Mwisho nenda chooni, uone kama mkojo unatoka kama kawaida na kama unahisi unapojisafisha.

Anayeshindwa kutembea kwa kisigino, yaani unyayo unaning'inia na ndala inaburura, mara nyingi ana neva iliyoumia, ile ya nje ya goti au mzizi wake kiunoni. Huyo, kama hana dalili za dharura zinazofuata hapa chini, hahitaji ambulensi, ila asipitishe siku mbili bila kuonwa, maana neva iliyobanwa ikiachwa wiki kadhaa hurudi polepole au isirudi. Aliyefaulu yote na amebaki na sindano tu anaweza kulala na kujipima tena asubuhi.

Wapo wasiopaswa hata kumaliza upimaji huo.

Kiharusi kwanza. Mguu ukilegea au kufa ganzi ghafla upande mmoja, tazama uso umepinda, mkono unashuka ukiinuliwa, maneno yanakwama. Ikipatikana moja, hiyo ni dharura. Ujue pia kwamba kiharusi kinaweza kushika mguu peke yake, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayouongoza iko katikati juu na ina mshipa wake wa damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya CT, ile ya kuona ndani ya kichwa, tu. Hapa msomaji wa wilayani atauliza, kwa haki: hospitali yetu haina CT wala dawa hiyo, nikimbilie nini? Ukimbilie kipimo cha sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi na hutibika palepale. Ukimbilie mtu atakayepima kama mgonjwa anameza vizuri kabla hajapewa uji ukaingia mapafuni. Kisha rufaa. Nyumbani usimpe chochote mdomoni, hata aspirini, kwani kama ni mshipa uliopasuka utaongeza damu. Usimwongezee vidonge vya presha pia: presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikinusurika hukosa damu.

Mtego mkubwa ni kile kiharusi cha kupita. Mguu unalegea dakika kumi, unarudi, familia inashukuru, chai inaendelea. Ndugu mmoja atasema ni upepo mbaya, mwingine atataka akandwe. Kinachowadanganya ni kwamba mguu umerudi. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata, na hapa kupona ndiko kunakopaswa kukufanya uondoke haraka.

Ya pili ni ganzi ya pale mtu anapokalia baiskeli: kati ya mapaja, sehemu za siri, njia ya haja. Ikija na mkojo uliogoma au unaovuja, na miguu yote miwili ikiwa mizito, kifungu cha neva chini ya uti wa mgongo kinabanwa. Wagonjwa wengi huona haya kulisema, hasa mzee mbele ya binti yake, hivyo anayemsindikiza aulize waziwazi. Ya tatu ni mguu wa baridi, mweupe au wa kijivu, unaouma vikali kisha unakufa ganzi: mshipa wa damu umeziba, na misuli haistahimili saa nyingi bila damu. Ya nne ni shavu la mguu mmoja lililovimba, la moto na lenye maumivu, kwa mama aliyejifungua majuzi au mtu aliyelazwa muda mrefu. Huyo asikandwe kabisa. Bonge la damu likikandwa linaweza kusafiri hadi mapafuni.

Na kuna ganzi inayopanda. Leo nyayo, kesho magoti, keshokutwa mapaja, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya kuhara au mafua. Usingoje ifike kifuani kwenye misuli ya kupumua.

Upande wa kukaza unahitaji nafasi yake, kwa sababu Afrika Mashariki na Kongo tuna ugonjwa wetu wa miguu kukaza ghafla ambao vitabu vya nje huutaja kwa mstari mmoja. Unaitwa konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985 na Mtwara miaka ya 2002 na 2003. Mtu mwenye afya njema anaamka, au anarudi shambani, miguu inatetemeka na kukaza yote miwili kwa pamoja. Ndani ya siku chache ugonjwa umefikia ulipofikia, kisha unasimama hapo: hauzidi, wala hauondoki. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliovuka miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mganga akigonga chini ya kifuniko cha goti, mguu unaruka kuliko kawaida.

Chanzo ni muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, ukaliwa wiki nyingi bila mboga ya maana. Ndiyo maana unafuata ukame. Muhogo una kemikali inayotoa sumu ya sianidi, na una kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuivunja kemikali hiyo, lakini viwili hivi vimekaa vyumba tofauti ndani ya mzizi. Ukiuvundika kwenye maji siku tatu vinakutana na sumu inatoka. Ukikata vipande vinene na kuvianika tu, maji hukauka kabla kazi haijaisha, na sumu nyingi inabaki kwenye makopa na unga wake. Mwili nao huondoa sianidi kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo kwa majani matupu, bila maharage, dagaa wala yai, hana cha kuiondolea.

Je, mwenye konzo aende hospitali? Anayesema "ya nini?" ana hoja yenye nguvu: dawa ya kurudisha neva zile haipo, na nauli ya kwenda wilayani ni chakula cha wiki. Lakini kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kukaza miguu yote miwili vilevile, na hicho kinatibika. Kwa kawaida hutanguliwa na maumivu ya mgongo ya wiki nyingi, kukonda, jasho la usiku, wakati mwingine kinundu mgongoni. Kichocho nacho, kwa wakazi wa kando ya ziwa hasa vijana, huweza kufika kwenye uti wa mgongo na kinahitaji dawa mapema. Kutofautisha haya kwa macho nyumbani haiwezekani. Tena mgonjwa mmoja wa konzo kijijini maana yake ni kwamba sufuria za majirani zina unga uleule. Kwa maoni ya mwandishi, nauli hiyo ilipwe, na kama mgonjwa hawezi kusafiri basi mhudumu wa afya wa jamii aitwe aje.

Wakati huohuo unga uliopo ghalani unaweza kuokolewa. Mimina unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama pale ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza juu ya mkeka, unene usiozidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha songa ugali siku hiyohiyo. Wanaokosea hutandaza tabaka nene, na gesi inakwama chini.

Ganzi nyingine si ya ghafla, ila mwenyewe huigundua ghafla, kama yule ambaye ndala imemchomoka akatembea hatua kadhaa bila habari. Soksi mbili za ganzi zinazolingana miguuni zinataka kipimo cha sukari wiki hii, si usiku huu. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi aulizie vitamini B12. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi aangalie kama alipewa na kidonge cha B6. Duka la dawa litakuuzia vitamini B za dozi kubwa kwa ganzi yoyote ile, na hapo kuna kichekesho kichungu: B6 ikizidi kwa miezi mingi yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Kukanda kwa maji ya moto ni kosa jingine. Mguu usiohisi hautakwambia kuwa unaungua, na kidonda hicho kwa mwenye kisukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa. Kama ni lazima, pima maji kwa kiwiko.

Mtoto ana kanuni tofauti. Mguu ukilegea ghafla kwa aliye chini ya miaka 15, hakuna mjadala wa kusubiri, hata kama anacheka na kula. Kituo kinatakiwa kutoa taarifa na kuchukua choo mara mbili, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, ili kuondoa shaka ya polio. Na mlezi aseme kama mtoto alichomwa sindano ya makalio siku hizo, na upande gani. Sindano ikipotea njia huumiza neva kubwa ya mguu, na bila taarifa hiyo daktari atazunguka sana.

Ukishaamua kwenda, acha neno "ganzi" nyumbani. Sema: sihisi ukinigusa, au nahisi sindano, au mguu hauna nguvu. Sema kama ni mmoja au yote miwili, na kama mkojo unatoka. Kisha taja saa ya mwisho ulipokuwa mzima kabisa. Kama uliamka ukiwa hivyo, hiyo ni saa uliyoingia kulala, si saa uliyoamka.