Kanuni Isiyosema Sababu Yake

"Faili 1 yamefutwa." Ndivyo ilivyosomeka tafsiri ya Kiswahili ya programu huria moja, yaani ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuurekebisha, ninayoitumia kila siku, na kila nilipoiona ilinikera kama jiwe kwenye wali. Programu ilikuwa imetenga nafasi mbili, ya umoja na ya wingi, ila mtafsiri alijaza wingi kotekote. Nikarekebisha neno moja, likawa "limefutwa", nikatuma. Dakika chache baadaye roboti ya mradi ikanijibu: ombi langu la badiliko limefungwa kwa kuwa halina mstari wa saini, soma mwongozo wa wachangiaji. Nikausoma wote. Ulieleza kwa kirefu namna ya kuandaa kompyuta, kuendesha majaribio na kupanga nafasi mwanzoni mwa mistari. Kuhusu tafsiri hapakuwa na neno. Kuhusu saini palikuwa na sentensi moja tu, kwamba kila badiliko lazima lisainiwe. Kwa nini lisainiwe, haikusemwa.

Sasa niko upande wa pili wa meza. Tuko watatu tunaotunza programu ndogo ya kuweka hesabu za vikoba, yaani hisa, mikopo na marejesho ya wanachama, na majuzi tulikaa kuandika mwongozo wetu wenyewe. Tulibishana jambo lile lile linalobishaniwa katika miradi mingi: tuandike mwongozo mrefu wa kuziba kila mwanya, au ukurasa mmoja wa kumkaribisha mgeni?

Wanaotaka kanuni nyingi wana hoja nzito, na mtu asiwadharau. Kampuni ya DigitalOcean ina kampeni yake ya kila Oktoba, Hacktoberfest, ambayo mwaka 2020 ilikuwa ikimpa fulana mtu aliyetuma maombi manne ya mabadiliko kwenye miradi huria. Mwaka huo watunzaji walifurikiwa na maombi ya kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye faili la maelezo. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walilazimika kubadili utaratibu, yahesabiwe maombi ya miradi iliyokubali yenyewe kushiriki. Kisha ikaja akili mnemba. Mwanzoni mwa 2024, Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, alilalamika hadharani juu ya ripoti za usalama zilizoandikwa na mashine: zimepangika vizuri, lugha safi, ila hitilafu inayotajwa haipo. Aprili mwaka huo huo baraza la Gentoo, toleo mojawapo la mfumo endeshi huria wa Linux, likapiga marufuku michango iliyotungwa na zana za aina hiyo. Watunzaji wengi hawalipwi hata senti. Saa mbili za kuthibitisha kwamba hitilafu haipo zimetoka kwenye usingizi wa mtu.

Lakini tuulizane, wale wawinda fulana walisoma mwongozo gani? Mwenye pupa hasomi. Anayesoma mwongozo mpaka mstari wa mwisho ni yule mwenye nia njema, na ndiye anayefunga kompyuta akijiambia kwamba hapa si mahali pake. Kwa lugha yetu hasara hiyo ni kubwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ya namna ile inahitaji wajuzi wa lugha kama inavyohitaji wajuzi wa msimbo. Mtafsiri bora tunayeweza kumpata huenda ni mwalimu wa sekondari asiyewahi kugusa git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, maishani mwake. Tukimwekea mbele kurasa kumi za maandalizi ya kompyuta, tumemfukuza bila kujua.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaosema dawa ni kufupisha. Urefu si tatizo. Chukua huo mstari wa saini. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wa mfumo endeshi wa Unix, ambao SCO ilisema ni mali yake, umeingizwa kwenye Linux. Swali zito likazuka: kila kipande hiki kimetoka kwa nani, na alikuwa na haki ya kukitoa? Mwaka uliofuata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaleta utaratibu wa kila anayetuma badiliko kuweka jina na barua pepe yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kulitoa. Hiyo tu. Unaandika git commit -s, mstari unaingia. Ningeambiwa habari hii kwa sentensi tatu, ningesaini kwa moyo mweupe, tena ningejiona nimekabidhiwa amana.

Mwongozo wa Linux wenyewe ni mrefu, na una masharti yanayoonekana ya kikaidi. Badiliko litumwe ndani ya barua pepe ya maandishi matupu, lisiambatishwe. Ila sababu imeandikwa papo hapo: anayekagua anahitaji kunukuu mistari yako na kuandika maoni chini ya kila kipande. Watunzaji wa SQLite, programu ya hifadhidata, wamekwenda mbali zaidi, wanasema waziwazi kwamba msimbo wao ni huria lakini mchango wa mtu yeyote tu haupokelewi, kwa sababu wanataka programu ibaki bila mwenye hakimiliki kabisa. Mlango umefungwa, na sijaona mwenye haki ya kulalamika. Umeambiwa mapema, umeambiwa na sababu.

Mwenzangu mmoja alinipinga hapa, na kwa haki. Alisema ukishatoa sababu, mtu ataanza kubishana nayo, na ubishi nao unakula saa. Ni kweli, hasa kwenye mambo ya mapambo: nafasi mbili au nne, mabano yakae wapi. Huko nimekubali kushindwa. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Go ilikuja na gofmt, programu inayopanga msimbo yenyewe, na mjadala ukaisha. Kinachoweza kurekebishwa na mashine tumekiondoa kwenye mwongozo wetu kabisa.

Kilichobaki ni kurasa mbili na nusu. Sehemu ya tafsiri ndiyo ya kwanza, na inasema kwamba asiyejua git atutumie sentensi iliyokosewa na iliyo sahihi, sisi tutaiingiza na jina lake litaandikwa. Sharti la saini lina habari ya mwaka 2003 chini yake. Kuhusu akili mnemba tumeandika kwamba mtu asitume asichoweza kukieleza mwenyewe akiulizwa, kwa kuwa hesabu ikikosewa kuna mama atakayeambiwa anadaiwa fedha alizokwisha kulipa. Roboti hairuhusiwi kufunga ombi la mtu anayechangia kwa mara ya kwanza.

Lile neno langu nililituma tena, na saini juu, likapokelewa. Niliambatanisha pendekezo la aya moja kwenye mwongozo wao, ya kueleza saini ni ya nini na mtafsiri aanzie wapi. Hilo bado halijajibiwa.