Mua wa Kasulu

Nilipewa kazi ya kuandika barua ya posa kwa sababu moja tu, kwamba katika ukoo wetu wote hapa Kigoma ni mimi ninayesifiwa kwa kalamu, na baba mdogo alikuwa anakwenda kumposea mwanawe binti wa Ujiji, kwa watu wanaojua kusoma. Niliandika kurasa mbili, nikazipeleka kwa kijana mmoja mwenye duka la stesheneri pale Mwanga ili azichape. Alipomaliza ndipo aliponiarifu, bila haya, kwamba kitufe cha H cha kompyuta yake kilikuwa kimeng'oka tangu wiki iliyopita. "Wateja wote huijazia kwa peni, kaka," alisema, akaniazima ya kwake.

Sikuwahi kuifikiria H hadi siku hiyo. Umbo lake ni nguzo mbili na boriti moja, na sauti yake ni pumzi tupu isiyotaka ulimi, meno wala midomo, kwa hiyo nilidhani mtu akiipoteza amepoteza upepo. Nilipoketi kwenye benchi na kuanza kuijazia ndipo nilipoona jinsi Kiswahili kinavyoiegemea: heshima ilikuwa imebaki "esima", mahari yamekuwa "maari", na shikamoo yetu kwa wazee ilisomeka "sikamoo". C, ambayo kwetu haitembei bila H, ilizagaa peke yake kila mstari kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilizinusuru zote. "Arusi" niliiacha ilivyo, kwa kuwa kamusi zinaikubali sawa na harusi, na peni yenyewe ilikuwa imeanza kukwama.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa natafuta maneno yaliyovunjika. Kuna maneno ambayo H ikiyatoka, linalobaki ni neno zima, lenye afya yake, na jicho hulipita likidhani mambo ni shwari. Mimi, Muha wa kuzaliwa, ambaye kabila langu bila herufi hiyo ni waa tu kwenye nguo, nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Ujiji tulipokelewa vizuri. Bahasha iliwekwa juu ya sinia, akapewa mwalimu mstaafu wa upande wa binti, ambaye alifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu na kuanza kusoma polepole, neno kwa neno, kama anayesomea watoto imla. Ukurasa wa kwanza ulipita salama.

"Kijana wetu ni Mua wa Kasulu," alisoma katika ukurasa wa pili, kisha akanyamaza na kumtazama baba mdogo. "Mua?"

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa, akidhani ni lafudhi ya Ujiji.

"Ni mpole na mchapakazi. Ana mke, ana mtoto wa nje, ana deni dukani, na ana kesi polisi."

Shangazi wa binti alikuwa anamimina kahawa. Kikombe kilijaa, kikafurika, naye akaendelea kumimina.

"Na wamekuja kutuambia wenyewe!" alisema.

"Angalau ni wakweli," akajibu mzee mmoja kutoka pembeni.

Niliruka kujitetea: sina nia mbaya, sikukusudia, sijui imekuwaje. Nilikanusha kwa ufasaha, maana anayejikanusha mwenyewe hahitaji H hata moja. Aliyeihitaji ni kijana, ambaye hakuwapo. Hatimaye niliomba barua, nikapachika H nne mbele ya "ana" nne na ya tano katikati ya Mua, mkono ukinitetemeka.

Tulitozwa faini, kama ilivyo ada kwa mgeni anayekosea ukweni. Wakadai mzigo wa miwa, kwa hoja kwamba mua tuliutaja wenyewe, tena kwa maandishi. Kwenye bajaji baba mdogo hakusema lolote hadi tulipofika Mwanga. "Mwanangu," alisema akishuka, "ile ilikuwa hati ya mashtaka."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa mwandiko wa mwalimu na wino wa bluu. Mstari wa mwisho ulisema kwamba binti yao hana pingamizi, na H ya "hana" ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, ikakolezwa mara tatu, kubwa kiasi cha kuchukua mistari miwili.