Semina zimetosha, tupeni mtu

Mie ni mwalimu wa chuo hapa Unguja, chuo chenyewe sikitaji mana mshahara bado naupenda. Lakini hili nimelishika moyoni muda mrefu, leo nalisema: haya mafunzo ya teknolojia ya siku mbili mbili tunayopewa walimu wa vyuo hayatufikishi popote, na pesa inayokwenda humo ingetosha kabisa kutupatia kile tunachokihitaji, ambacho ni mtu. Mtu mzima mwenye miguu, wa kukaa na mwalimu mmoja mmoja amwoneshe, ofisi yake iko karibu, unaweza kwenda kumgongea.

Semina zenyewe mnazijua. Barua inakuja, walimu wote wa idara fulani mfike ukumbini, mnasaini, mnapewa kalamu na daftari na paswedi imeandikwa kwenye kikaratasi, mtaalamu anawasha slaidi zake anakwenda mbio, hapa unabonyeza, hapa unaweka notsi, hapa unatunga kwizi, saa nne chai na sambusa, mchana biriani, jioni picha ya pamoja na nauli. Mwezi haujesha ukimuuliza mtu paswedi yako iko wapi anakwambia iko kwenye lile daftari. Na daftari? Watoto wamelichukua wanachorea.

Wakubwa wakiona hivyo wanasema walimu hawataki mambo ya kileo. Neno hilo linanikera wallahi. Kisiwa hichi kimeangalia televisheni ya rangi tokea 1973, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka miaka ya 90 ndo wakapata yao, kwa hivyo kitu kipya hakitutishi sie. Na walimu hawa hawa unaowaita wazito, simu zao zina magrupu ya WhatsApp hayahesabiki, wanatumiana pesa, wanafatilia mpira mtandaoni, wananunua viatu Instagram. Teknolojia wanaijua. Wasichokijua ni vipi waitie ndani ya somo lao, mbele ya wanafunzi wao, na hilo hufundishwi ukumbini kwa pamoja. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea akiwa amekaa barazani.

Wasomi wameshalisema zamani. 2006 Mishra na Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, waliandika kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa aina tatu ukutane pahala pamoja: ajue somo lake, ajue kufundisha, ajue teknolojia, na kazi kubwa iko pale zinapokutana zote tatu. Sasa semina zetu zinagusa hiyo ya tatu peke yake, tena juu juu. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa sheria na mwalimu wa ushairi wote wanaoneshwa kitufe kimoja.

Hebu tutizame jambo dogo kabisa. Laptopu mpya zimekuja nyembamba, tundu lake ni la HDMI, projekta iliyoning'inia darasani ni ya miaka ile, inataka VGA, ule waya wenye kichwa cha buluu na visindano. Kiunganishi chake ni kitu cha kutia mfukoni, ukenda Darajani unakipata. Lakini ni saa mbili asubuhi, darasa limejaa, mwalimu kashika waya mkononi hauingii, anampigia kijana wa IT, na kijana wa IT ni mmoja kwa chuo kizima na saa hiyo yuko uhasibu printa imekwama (ya uhasibu haingoji, hilo kila chuo ndo hivyo). Mwalimu anasubiri kidogo, wanafunzi wanaanza kutoa simu zao, basi anachukua maka peni anaandika ubaoni kama siku zote. Wiki ya pili laptopu haji nayo. Na mwisho wa mwaka kwenye ripoti anaandikwa hatumii vifaa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa miradi kutoka nje hawaliingizi kwenye hesabu zao, nalo ni haya, yaani kuona aibu. Mtu kasoma mpaka daktari wa falsafa, ndevu zishakuwa nyeupe, mtaa mzima unamwita Maalim, humo ukumbini wamekaa na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe, sasa anyanyue mkono aulize hii nabonyeza wapi? Haulizi. Anatikisa kichwa kama kaelewa, anakunywa chai yake anakwenda zake.

Mtu huyo huyo mkute ofisini kwake. Nilikuwapo siku moja kijana wetu mmoja, ndo kwanza kamaliza digrii yake, kaingia kuchukua karatasi zake.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo, na huo mlango urudishe."

Mlango ukarudishwa. Maalim akatoa miwani, akafungua kompyuta, akasema kwa sauti ya chini ati hawa wanafunzi wanamwambia kwenye Zoom wao wanaona uso wake tu, slaidi hawazioni, na yeye anaziona kabisa. Kijana hakucheka. Akakaa, akamwonesha pa kubonyeza, kisha akamwambia, "Sasa Maalim fanya wewe, mie sishiki kitu." Akafanya. Akafanya tena. Halafu maswali yakaanza kumiminika, kumbe alikuwa nayo tele: vipi niwaandikie juu ya ramani, vipi nirikodi wasiokuja wasikilize baadae, vipi nijue nani kaisoma notsi na nani kanidanganya. Walikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Ile saa moja na kitu ilimfanyia kazi kuliko semina zote alizowahi kusainia, na haikugharimu hata sambusa moja.

Ndo mtu ninayemsema huyo. Asiwe fundi wa kompyuta peke yake, fundi tunamhitaji na abaki, lakini huyu awe anajua na ualimu, akikujia asianze na programu, aanze na somo lako, wiki ya tatu unafundisha nini, wanafunzi wanakwama wapi, ndo atizame kama kuna chombo cha kusaidia, na kama hakuna akwambie hapa ubao unatosha. Na siku ya mwanzo unayojaribu kitu kipya aje akae nyuma ya darasa.

Mana vyombo vyenyewe vingi ni vya bure. Moodle, programu ya kuweka masomo mtandaoni ambayo vyuo vingi vinaitumia ingawa utaikuta imepewa jina jengine na kupakwa rangi za chuo, ni ya bure tokea ilipotoka 2002, na aliyeianzisha, Martin Dougiamas, ni Muaustralia aliyekulia huko jangwani akisoma skuli kwa njia ya redio kwa umbali uliokuwapo. Angezaliwa Kojani, kisiwa kidogo kule Pemba, angetuelewa vizuri. Programu bure, kilicho ghali ni saa za mtu wa kukaa na mwalimu, na hicho ndo hatukinunui.

Corona ilituonesha yote haya. Machi 2020 vyuo vikafungwa, wanafunzi wakarudi makwao, wengine Micheweni, wengine Makunduchi, na walimu wakaambiwa fundisheni mtandaoni. Kila mtu akafanya alivyojua. Kuna waliofundisha Zoom saa mbili mfululizo na video imewashwa, na saa moja tu ya namna hiyo inaweza kula zaidi ya MB 500, sasa mtoto wa mkulima wa karafuu anayenunua bando la siku kwa siku utamkuta darasani kwa dakika ngapi? Kuna waliotuma slaidi zenye picha nzito nzito, faili moja MB 60, na kule kwenye PowerPoint kuna sehemu ya kuzibana picha zote kwa mara moja, faili likapungua mara nyingi sana na macho yasione tofauti. Nani aliwaambia? Hapana. Waliofanikiwa ni wale walioshuka WhatsApp, wakarikodi sauti dakika tano tano, faili haifiki hata MB mbili, mwanafunzi akasikiliza hata shambani, jioni maswali. Juni tukafungua, na yale tuliyoyajua kwa taabu hapana aliyekaa kuyaandika wala kuwaita wale walimu wawaoneshe wenzao. Tukarudi kwenye biriani.

Na sasa imekuja hii akili bandia. ChatGPT imetoka mwisho wa 2022 na walimu wengi walichofanya ni kuwa askari, kazi ikiwa na Kiingereza kizuri wanamshuku mtoto. Wa kukaa nao wakafikiri namna ya kubadilisha maswali hawapo. Mbona linawezekana? Badala ya "eleza umuhimu wa kilimo cha mwani Zanzibar", ambalo mashine italijibu kabla chai haijapoa, mpeleke mwanafunzi Paje au Jambiani akazungumze na akina mama wanaolima, kilimo chenyewe cha biashara kimeanza 1989 kwa hivyo utawakuta wanaokumbuka mwanzo wake, awaulize bei ya kilo msimu huu, kwa nini ule mwani mnene unakufa maji yakipata moto, arudi na sauti aliyorikodi na hesabu aliyoifanya mwenyewe. Hapo hata akitumia ChatGPT kupanga sentensi zake, kazi kaifanya. Lakini kutunga swali la namna hiyo, na vipi ulisahihishe kwa darasa la watu mia na zaidi, kunataka muda na mtu wa kushauriana naye.

Muda wenyewe ndo mtihani mwengine. Mwalimu wa chuo akipanda daraja anahesabiwa zaidi machapisho yake. Ukikaa miezi ukatengeneza somo zuri la mtandaoni, video fupi fupi, kwizi zinazojisahihisha zenyewe, unaambiwa ahsante. Mwenzio aliyeandika makala moja kwenye jarida anapanda. Watu sio wajinga, wanaona njia inayolipa wanaifata. Chuo kikitaka kweli basi kimpunguzie mwalimu vipindi semista moja, na somo lile likikamilika liingie kwenye hesabu ya kupanda daraja.

Najua nitaambiwa ajira hazipo, bajeti ndogo. Haya, chukueni ukumbi wa hoteli, chakula, posho, nauli, mtaalamu kuletwa kwa ndege na kulazwa ufukweni, mwaka mzima, jumlisheni halafu mtwambie. Vijana waliosoma ualimu wa kompyuta wapo wamejaa, wengine wanauza vocha, wengine wanaongoza watalii Mji Mkongwe, na wawili watatu kila chuo hawawezi kuifilisi serikali. Na wakiajiriwa wasiwekwe wote Unguja, mana hayo yanafahamika yatakavyokuwa, mtaalamu atakaa huku na wenzetu wa Pemba watatumiwa PDF. Kama mmepata wawili tu, mmoja apande boti.