Cherehani ya 1951 na Kigoda Kisicho na Mwaka: Kipi ni Antiki?

Jumapili moja katika soko la Kibuye, Kisumu, muuzaji wa vyuma alinisimamisha mbele ya cherehani nyeusi ya Singer. "Omera, hii ni antiki," akasema, huku akipangusa kwa kidole gumba kibati cha shaba kilichogongomewa ubavuni mwa mashine. Kibati kina ukingo wa buluu na miaka miwili: 1851 na 1951. "Jisomee mwenyewe. Imetengenezwa 1851. Hii ingine ni mwaka ilipoletwa Kenya." Alitaka shilingi 40,000.

Hakuwa mwongo, alisoma alichokiona. Ila 1851 ni mwaka kampuni ya Singer ilipoanzishwa Marekani, na 1951 ndio mwaka ilipotimiza miaka 100 ikazipa cherehani zake kibati hicho cha ukumbusho. Mwaka wa mashine yenyewe hutafutwa kwenye namba iliyopigwa chini, upande wa kulia, kwa sababu kampuni iliweka orodha ya namba zake kwa vipindi, na orodha hizo zinapatikana. Nilimwonyesha kwenye simu: namba yake ni ya 1951. Akatikisa kichwa, akacheka. "Sawa, basi ni vinteji. Lakini hata vinteji ni pesa." Bei haikushuka.

Vitu vingi vya zamani hubeba mwaka usio wao. Riale ya fedha ya Maria Theresa, ile iliyozunguka na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu hadi Uhabeshi, daima huandikwa 1780, ingawa imeendelea kugongwa katika viwanda mbalimbali kwa zaidi ya karne mbili baada ya mwaka huo. Ndiyo maana swali la antiki na vinteji si la maneno matupu. Kati ya neno moja na lingine kuna maelfu ya shilingi, na wakati mwingine kuna sheria.

Kanuni inayofuatwa na wauzaji wengi duniani ni rahisi: kilichopita miaka 100 ni antiki. Vinteji haina mwenyewe. Wapo wanaoanzia miaka 20, wengine 40, na kule mitandaoni jinzi ya mtumba iliyopauka hupewa jina hilo hata kama ilishonwa juzi. Neno lenyewe lilitoka kwenye mvinyo, likimaanisha zabibu za mavuno ya mwaka fulani, kwa hiyo kwa haki kitu cha vinteji kinapaswa angalau kutambulikana ni cha kipindi gani. Wenye magari ya zamani Uingereza walikaza zaidi: klabu yao iliyoanzishwa 1934 ilipiga mstari mwisho wa 1930, na gari la 1935, hata lizeeke vipi, kwao halitawahi kuwa vinteji.

Kiswahili, nadhani, kilikuwa na mpaka wake kabla ya haya yote. Kikuukuu ni kilichotumika sana. Cha zamani ni cha wakati ambao bado kuna mtu anaukumbuka. Cha kale ni cha wakati ambao hakuna aliye hai aliyekiona kikiwa kipya. Ukipima hivyo, miaka 100 si namba ya ajabu, maana ndipo kumbukumbu ya mtu mmoja inapokoma.

Lakini namba hiyo haikutoka kwa wanafalsafa, ilitoka forodhani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1930 ilisamehe ushuru vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1830. Wakati huo hiyo ilikuwa miaka 100 kamili. Kasoro ni kwamba mwaka uligandishwa: kufikia 1965 kiti kilihitaji umri wa miaka 135 ili kipite bure. Mwaka 1966 wakabadilisha, mstari ukaanza kutembea na kalenda. Leo mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha ya Afrika Mashariki nayo inautumia, una kichwa cha 97.06 kwa vitu vya kale vilivyozidi miaka 100.

Sasa njoo kwetu. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inakitambua kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Si umri, ni mwaka, na umesimama palepale.

Mwaka huo si wa kubahatisha. Julai 1895 ndipo Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na inaelekea sheria inalenga kulinda kilichokuwapo kabla ya mkoloni kushika hatamu. Wanaoutetea wana hoja nzito. Mstari ukitembea, kila mwaka shehena mpya ya masufuria, pasi za makaa na vitanda vya chuma vya nyanya zetu itaingia chini ya usimamizi wa serikali, na kukisafirisha nje kitu cha kale kunahitaji kibali. Nani atatoa vibali vya cherehani? Pia afisa wa uwanja wa ndege hahitaji kikokotoo, anauliza swali moja tu: kabla au baada?

Hoja hiyo inanigusa, lakini hainishindi, kwa sababu 1895 ni mwaka wa pwani. Kisumu na Nakuru hazikuwa hata ndani ya himaya hiyo. Zilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902, mkoa ule ulipohamishiwa mashariki. Reli ilifika ziwani Desemba 1901. Kwa hiyo kila taruma la reli, kila taa ya stesheni na kila kengele ya meli iliyoujenga mji wa Kisumu imekuja baada ya mstari. Mji mzima, kwa kipimo hicho, hauna chuma hata kimoja cha kale, isipokuwa waziri akitangaze kitu kimoja kimoja kuwa kinalindwa, jambo ambalo sheria inamruhusu.

Na sheria hiyohiyo inajua kulegeza ikitaka. Milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki zinalindwa ikiwa ni za kabla ya 1946. Sawa kabisa, milango ya Lamu ilikuwa ikihitaji ulinzi. Lakini kama mlango wa pwani ulipewa mwaka wake, kigoda cha huku kilikosea wapi?

Nina kigoda maalum akilini. Kiko kwa mjomba, Maseno: miguu mitatu, kipande kimoja cha mti, kiti kimebonyea katikati na kung'aa kama ganda la mbegu kwa mafuta ya ngozi za watu. Mguu mmoja una ufa uliofungwa waya. Hakina namba, hakina kibati. Ukimuuliza mjomba umri wake anasema babu alirudi kutoka Kariokor, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, akakikuta. Yaani vita vya 1914 hadi 1918 vilipoisha, kigoda kilikuwa tayari kikikaliwa. Kwa kanuni ya miaka 100 kimepita. Kwa sheria ya 2006, mjomba hana la kuthibitisha kwamba kilichongwa kabla ya 1895, na mnunuzi akikibeba kesho hakuna mstari alioukanyaga.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya kuhesabu miaka, iwe kwa mstari uliosimama au unaotembea: unaipendelea bidhaa ya kiwanda. Cherehani ina cheti cha kuzaliwa, kigoda kina mashahidi tu. Hata hivyo siungi mkono wanaotaka miaka itupwe na "hadithi ya kitu" iwe kipimo. Nimeshasikia hadithi za Kibuye.

Ningebadilisha mawili. Mwaka 1895 uondoke, iwekwe miaka 100 inayotembea, lakini kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono peke yake, ili vyombo vya viwandani vilivyotoka kwa maelfu viachwe na soko. Pili, ushahidi wa ukoo uandikwe na ukubaliwe, ukiambatanishwa na tukio linalojulikana kama Kariokor, jinsi umri wa wazee wetu wengi ulivyokadiriwa walipokwenda kuchukua vitambulisho.

Yule muuzaji nilimpitia tena wiki mbili baadaye. Mashine ilikuwa palepale. Nilimwambia ikibaki na familia yake hadi 2051 itakuwa antiki bila mtu kubishana. Akakuna kidevu. "Elfu thelathini na tano leo," akasema, "ama ungoje na watoto wangu."