Kitufe cha Kurudi Nyuma Kinalipwa na Nani?

Ukifika kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, usikimbilie kununua. Kaa umtazame mmoja tangu mwanzo. Anapaka rangi ya nyuma kwanza na kuiacha ikauke, ndipo anamleta twiga. Madoa na mistari myembamba huja mwisho kabisa. Rangi ni ileile ya mafuta, ya kwenye kopo, ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuipaka kwenye vibao vya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960. Jicho la twiga likiharibika, mchoraji analifuta kwa kitambaa kabla halijashika, au anatafuta namna ya kuishi nalo.

Mimi huchora picha za vitabu vya watoto: naanza na penseli, namalizia rangi kwenye kishikwambi. Kwa hiyo ubishi wa mkono dhidi ya mashine huwa naukalia katikati, na pande zote mbili zinaniona msaliti.

Wanaotetea kishikwambi wana hoja nzito. Leya zake, yaani tabaka za picha zinazolazwa moja juu ya nyingine, ni utaratibu uleule wa Oysterbay, ila bila kungoja na bila mpangilio wa lazima. Nikitaka anga ije mwisho, nyuma ya mwembe niliokwisha kuumaliza, inakuja. Kwa pwani yetu hilo si jambo dogo. Wakati wa masika karatasi ya rangi za maji inakaa mbichi muda mrefu, na ukiiweka vibaya kabatini inaota ukungu. Hata ile hoja kwamba kidijitali ni ya wenye pesa imeshachakaa nusu. Kifaa kizuri ni ghali kweli, lakini Krita ni programu ya kuchorea ya bure, na wapo vijana wanaochora kwa kidole kwenye simu, ndani ya programu ya ibisPaint, kazi ambazo sisi wenye brashi za manyoya tunazionea wivu. Karatasi nzito ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, inanunuliwa upya kila ikiisha.

Kioo cha kishikwambi nacho kina uongo wake. Kinatoa rangi kwa mwanga, wakati matbaa inatumia wino, na kuna kijani ambacho wino hauwezi kukifikia. Nilichora mgomba wenye majani mabichi yanayong'aa. Kitabu kilipotoka ulikuwa kama umepigwa na jua wiki mbili. Kosa lilikuwa langu, ningejaribu kuchapa ukurasa mmoja kwanza. Pia kuna ugonjwa wa kukuza picha: unajikuta saa tano usiku unapaka kope za bibi ambaye kichwa chake chote, kitabuni, kitakuwa kikubwa kama kifungo cha shati. Karatasi haikuruhusu upuuzi huo, macho yanakukatalia mapema.

Lakini kwangu tofauti kubwa iko kwenye mapatano. Nilipokuwa nachora kwa rangi za maji, mteja aliogopa kuniambia nibadilishe, maana alijua kubadilisha ni kuanza upya. Alitazama rasimu ya penseli kwa makini, akauliza maswali, akakubali. Siku hizi anajua kuna kitufe cha kurudi nyuma, kile kinachofuta ulichochora mwisho. Kuna mhariri aliwahi kunitumia ujumbe kuhusu mbuzi: sikio lilale. Kesho yake: lisimame. Halafu mbuzi awe mweusi, halafu awe na mabaka, halafu "turudi kwa yule wa mwanzo tuone." Kila badiliko lilikuwa la dakika 20, na hakuna dakika 20 hata moja iliyoingia kwenye ankara. Kitufe kile kinanipa ujasiri wa kujaribu, sikatai. Nimejifunza mambo mengi kuhusu rangi kwa kuharibu bila woga. Ila kikitoka mikononi mwangu kikaingia kwa anayelipa, kinageuka kuwa kazi ya bure.

Tena mwishoni sibaki na kitu cha kutundika. Mchoro wa karatasi ukishachapwa bado upo, unaweza kuuzwa mara ya pili kwa mtu anayependa ukuta wake. Faili likishachapwa limekwisha kazi. Nakala yake ni sawa na lenyewe.

Sijarudi kwenye rangi za maji, na kwa vitabu vyenye tarehe ya matbaa sidhani nitarudi. Nilichobadilisha ni makubaliano: rasimu ya penseli, kwenye karatasi, mteja anaisaini, baada ya hapo marekebisho ni mara mbili, ya tatu ina bei. Wawili walinuna. Mmoja akaniambia wachoraji wa siku hizi tuna kiburi, na labda ana haki, maana huyo alikuwa hajawahi kunisumbua.

Yule mbuzi bado ninaye, matoleo 11 ndani ya folda moja. Lililochapwa ni la pili.