Kilo Zangu na Peugeot ya Mtaliano

Shangazi yangu hawezi kukutajia waziri hata mmoja, lakini muulize nani alishinda Safari Rally mwaka gani, atakujibu hujamaliza kuuliza. Joginder Singh: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta: mara tano, nne zikiwa za mfululizo, 1979 hadi 1982. Alikulia Mombasa, na hadi leo akitaka kumtukana mtu bila kutukana humwambia, "Wewe ungebaki njiani mwaka wa 68." Mwaka huo yalianza magari 93, mvua ikapiga, yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Peugeot 404. Shangazi huitaja gari hiyo kwa heshima ambayo marehemu mumewe hakuwahi kuionja.

Kwa hiyo iliposikika kwamba wenye magari ya kale wanakuja Malindi kushindana wikendi nzima, kwenye njia za udongo za kuelekea Marafa, na kwamba mzee mmoja wa Kitaliano, mkaazi wa papa hapa mjini, atatoka na 404, niliambiwa nimsindikize. Neno kuombwa silitumii.

"Na hiyo suruali ya nini?" akaniuliza asubuhi. "Kuna matope huko. Vaa kikoi."

Nikavaa kikoi. Kipya, cha njano na kijani, na pindoni kiunoni nikakunja noti ya elfu. Ndani nilikuwa na bukta yangu ya tangu shuleni, yenye tundu mahali ambapo bukta haitakiwi kuwa na tundu. Lakini nani angeiona?

Vuli ilikuwa imepiga usiku kucha. Tulipovuka daraja la Sabaki, mto ulikuwa umevimba, unashusha magogo baharini. Baada ya Mambrui tukaiacha lami, na mbele kidogo dereva wa tuktuk akazima injini. "Mama, tuktuk yangu inaishia hapa." Tukamaliza kwa miguu, shangazi mbele na mwavuli, mimi nyuma na chupa ya chai, viti viwili na viazi karai.

Watazamaji walijibanza chini ya mikorosho. Ilipita Datsun 240Z ikaturushia tope hadi kwenye viazi. Shangazi akajipangusa uso, akasema, "Hiyo ilishinda 71 na 73," akaendelea kula. Ikapita Ford Escort, imekwenda ubavu ubavu, watoto wakashangilia. Halafu tukaisikia 404 kabla hatujaiona, na shangazi akasimama kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa.

Ikaja vizuri, ikafika mbele yetu, ikazama.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo balaa lilipozaliwa. Magari haya injini iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Penye tope, mkia unakuwa mwepesi na tairi zinazunguka bure. Ndiyo sababu magari ya Safari ya zamani yaliwekewa vishikio kule nyuma: msoma ramani alishuka, akapanda kwenye bampa, akashika, akarukaruka ili tairi zipate uzito wa kung'ata ardhi. Ya Mtaliano ilikuwa navyo. Tatizo lilikuwa msoma ramani wake, kijana ambaye akikugeuzia ubavu humwoni. Akapanda, akaruka, akaruka tena. Gari halikujua kama kuna mtu.

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Peso! Peso!"

Malindi hakuna asiyejua Kitaliano cha kutosha kumtia mwenzake matatani. Uzito unatakiwa. Vichwa vyote chini ya mikorosho vikageuka, vikanitazama.

"Huyu hapa!" Shangazi tayari alikuwa amenishika mkono. "Mtoto wa kaka yangu. Kilo mia na ushei, na hajamaliza hata viazi!"

"Shangazi, mimi nimekuja kutazama."

"Tazama ukiwa kule nyuma."

Nikapandishwa. Bampa ikashuka, watu wakapiga makofi, nami sitakataa, nilijisikia mtu muhimu. "Rukaruka, kaka!" akaniambia kijana. Nikaruka mara, nikaruka tena, nikasikia tairi zimeshika kitu kigumu huko chini, na gari likachomoka.

Sehemu ya pili ya somo hakuna aliyekuwa amenipa: gari likishatoka kwenye tope halisimami, maana likisimama linazama tena. Msoma ramani alijua. Alikimbia, akafungua mlango, akajitupa ndani. Mimi nikabaki nje, nimekumbatia buti, napiga shahada. Nyuma yangu nilimsikia shangazi: "Usimpunguzie mwendo! Usimpunguzie!" Hadi leo sijui alikuwa anamwambia nani.

Kwenye kona tairi zikateleza, mkia ukatua mtaroni, ukachomoka tena. Nikaona dimbwi pana upande wa kushoto, nikajitosa. Kikoi kikaamua kuendelea na safari. Ncha yake ilikuwa imejisokota kwenye kishikio, kwa hiyo mimi nikaenda dimbwini na bukta, na kikoi kikaenda Marafa na noti ya elfu.

Watoto walinifikia kwanza, wakalizunguka dimbwi. Halafu shangazi, hatua za pole pole, mwavuli juu.

"Injini ulisikiaje? Safi, au inakohoa?"

"Shangazi, sina nguo."

Akavua leso moja aliyojitanda, akanirushia. Nikajifunga haraka, na watoto, ambao shule inawafundisha vizuri, wakasoma kwa pamoja maandishi yaliyonikaa nyuma: "SINA SIRI NINA JIBU."

Tukarudi mjini kwa bodaboda, sisi watatu juu ya pikipiki moja, mvua usoni. Yule kijana wa boda alivumilia hadi darajani. Akaniuliza, "Jibu gani, bosi?"

Mashindano yalimalizikia kwenye kiwanja cha hoteli moja karibu na bahari. Magari yalikuwa yamefika yote, watu wanakunywa kahawa chini ya maturubai, isipokuwa 404. Shangazi alikataa kukaa. Hatimaye ikatokea langoni, inakokota na kupiga pafu kama mzee mwenye pumu, na mbele kidogo tu ya mstari wa mwisho ikazima. Mzee akawasha na kuwasha hadi betri nayo ikalala.

Boneti ikafunguliwa. Kila mwanamume pale akawa fundi. Ni kabureta. Ni pampu ya petroli. Maji yameingia kwenye plagi. Wakafungua hiki, wakapuliza kile. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa nyuma, nikaona matamvua ya njano na kijani yananing'inia kwenye ekzosi. Mtaro mwingine huko mbele ulikuwa umekishindilia kikoi changu ndani na tope juu. Jibu nilikuwa nalo. Nikaamua liwe siri.

"Mbona ekzosi imevaa kikoi?" akauliza shangazi, kwa sauti ya kufika Watamu. "Na mbona ni cha huyu?"

Mzee akaja nyuma, akashika matamvua, akavuta. Kikatoka polepole, kirefu, cheusi, kinafuka moshi. Noti ya elfu ikadondoka, na shangazi akaikanyaga kabla haijatulia. Mzee akakitazama kikoi, akanitazama, akanizunguka. Akasoma leso yangu yote kwa Kiswahili chake cha taratibu. Akanyoosha kidole kwenye bampa.

"Peso," akasema. "Sukuma."

Lisipovuka mstari halihesabiwi limemaliza. Nikaegemea buti, mkono mmoja kwenye gari, mwingine kwenye leso. Halikusogea.

"Mikono miwili!" akafoka shangazi. "Unataka 404 ibaki njiani mbele yangu?"

Nikaweka mikono miwili. Gari likavuka, nami nikavuka nyuma yake, na kiwanja kizima kikapiga kelele ambazo mwanzoni nilidhani ni za gari.

"Wewe!" Shangazi alikuwa ameinama kwenye mstari. "Leso yangu hiyo unaiacha matopeni? Doti nzima hiyo!"