Mlikuwa wapi 2017?

Juzi niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa ishanyolewa nusu bado, jamaa mmoja pale kwa benchi akaanzisha ile kesi ya mpaka wa baharini kati yetu Kenya na Somalia. Ati korti ya Hague, ile ya ICJ inayoamua kesi za nchi na nchi, haikuwa na mamlaka hata kidogo, kwa hivyo hukumu ya 2021 ni karatasi ya kufungia maandazi. Watu wote wakaitikia kabisa! kabisa!, mpaka kinyozi akazima mashine asikize vizuri.

Sasa nyinyi 2017 mlikuwa wapi? Maana hilo swali la mamlaka tuliliuliza sisi wenyewe! Somalia walishtaki Agosti 2014, sisi tukaweka pingamizi tukisema kuna yale makubaliano ya 2009, yalitiwa saini hapa hapa Nairobi, kwa hivyo haya mambo ni ya mezani si ya kortini. Mawakili wakasimama wakabishana, na tarehe 2 Februari 2017 majaji wakasema mamlaka tunayo, 13 kwa 3. Basi, imekwisha. Sheria ya ile korti inasema mkibishana kama ina mamlaka ama haina, mwenye kuamua ni korti yenyewe, na akishaamua hakuna rufaa, hakuna korti nyingine huko juu ya kukimbilia. Na hatukukamatwa njiani tukapelekwa jamani, tulijiandikisha kwa hiari yetu tangu 1965. Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba baada ya kushindwa hapo tuliendelea tu, tukapeleka utetezi wetu, tukaomba tarehe isogezwe ikasogezwa, tukaomba tena ikasogezwa tena, halafu Machi 2021 tukasusia na Septemba tukajitoa kabisa, wiki chache tu kabla ya hukumu ya Oktoba 12. Refa ana filimbi mdomoni ndo unakumbuka kuuliza nani alimleta?

Haya, nakubali, shingo upande, kuwa na jaji Msomali kati ya wale majaji kuliuma. Lakini na sisi tulikuwa na jaji wetu tuliyemchagua, Guillaume, Mfaransa, na alikuwa mmoja wa wale watatu. Akapigiwa kura akashindwa, ndo kura hizo. Pia ni kweli ile korti haina askari, hakuna manowari itakayokuja Kiunga, kule mpakani, kutusukuma. Marekani nao walishindwa swali hilo hilo na Nikaragua 1984 wakabamiza mlango wakaenda zao, hukumu ikatoka 1986 bila wao.

Na ule mstari wenyewe wa mpaka, kwa hukumu ya 2021, ulisogezwa kidogo upande wa kaskazini, kutufaa sisi! Hiyo hakuna aliyeitaja pale kwa benchi.

Mabishano yalikuwa matamu mpaka kinyozi akasahau alipofikia. Nimefika nyumbani naangalia kioo, upande wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, na pesa nishalipa na kichwa nilitingisha mwenyewe aliponiuliza, sawa bosi?